Muhula wa ng'ambo huanzia mlangoni mwa idara

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme na wanafunzi wa vyuo vikuu wa hapa Mombasa na Pwani kwa jumla, pamoja na wazazi wao. Jambo lenyewe ni kwenda kusoma muhula mmoja ng'ambo kisha kurudi kumalizia shahada nyumbani. Wengi wanaamini kwamba bila wakala, au bila chuo chao kuwa na mkataba na chuo cha kule, haiwezekani. Inawezekana. Vyuo vingi vya Ulaya na Marekani vina utaratibu wa mwanafunzi mgeni anayejileta mwenyewe, akasoma muhula mmoja au miwili bila kutunukiwa shahada. Kwenye tovuti ya chuo tafuta ukurasa wa wanafunzi wageni wasiosomea shahada. Usijaze fomu ya udahili wa kawaida, kwa sababu utashughulikiwa kama mtu anayetaka kuanza mwaka wa kwanza.

Lakini mlango wa chuo cha kule si wa kwanza kubishwa. Wa kwanza ni wa mwenyekiti wa idara yako mwenyewe. Viza ikinyimwa, mtu hupoteza ada ya maombi na wiki kadhaa. Yuniti zikikataliwa nyumbani, hupoteza muhula mzima, karo yote na mwaka wa kuhitimu, na hayo huyajua akisharudi. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na ngama ya mwanafunzi ni idara yake.

Basi anza na karatasi moja iliyogawanywa safu mbili. Kushoto andika yuniti zote za muhula utakaokosa, kila moja na nambari yake, saa zake na mada zake kama zilivyo kwenye silabasi. Kulia andika kozi unazotaka kusoma kule, na uambatishe muhtasari kamili wa kila kozi, siyo jina tu. Mara utaona tatizo ambalo mawakala hawalitaji. Mwanafunzi wa Kenya huchukua yuniti sita, saba, wakati mwingine nane kwa muhula. Ulaya muhula kamili ni krediti 30 za ECTS, mfumo wao wa pamoja wa kuhesabu krediti, na kozi moja mara nyingi ina krediti 5 au 6, kwa hivyo ni kozi tano au sita. Marekani mzigo wa kawaida ni krediti 15, yaani kozi tano za krediti tatu tatu. Uingereza ni krediti 60 za kwao, ambazo ni sawa na 30 za ECTS, na kozi moja huwa na 15 au 20, kwa hivyo ni kozi tatu au nne tu. Aliyeacha yuniti saba nyumbani akarudi na kozi tatu za Uingereza, karani wa mitihani humwona ana pengo la yuniti nne.

Si kwamba amesoma kidogo. Krediti moja ya ECTS huhesabiwa saa 25 hadi 30 za kazi yote ya mwanafunzi: darasani, maktabani, kuandika insha, kujiandaa kwa mtihani. Kozi ya krediti 6 ni saa 150 hadi 180. Yuniti yetu ya saa 45 huhesabu saa za kukaa na mwalimu peke yake. Idara ikichukua 45 zetu ikazipima na saa 30 za darasani za kule, kozi ya kule itaonekana imepunjwa. Kazi yote ikipimwa kwa kazi yote, zinakaribiana, na mara nyingine ya kule huzidi. Hoja hii iingie kwenye barua ya maombi kabla hujaondoka. Ukingoja kuitetea ukirudi, utakuwa unabishana na kamati ambayo haina haraka yoyote.

Kuna namna mbili za kuziba pengo hilo. Ya kwanza ni kuomba muhula uhesabiwe kwa muhula: krediti 30 zikubaliwe kuwa ni muhula kamili, bila kuhesabu kozi moja moja. Hii inafaa pale ambapo muhula una kozi nyingi za hiari. Ya pili ni kulinganisha mstari kwa mstari, ambapo kozi moja kubwa ya kule inaweza kubeba yuniti mbili za hapa ikiwa mada za zote mbili zimo, na zile zisizopata mwenzake zipangiwe tarehe ya kusomwa, iwe muhula wa Mei hadi Agosti au pamoja na darasa la nyuma.

Mwalimu wa yuniti hasumbuliwi na jina la kozi. Anataka kujua kama mada zake zimo. Tuseme Takwimu II ya kwenu ina mada kumi, na kozi uliyoipata inafundisha nane, ikiacha uchanganuzi wa mifuatano ya wakati na sampuli za matabaka. Usizifiche hizo mbili. Ziandike kwa kalamu kwenye mstari uo huo: zitasomwa binafsi, na mwanafunzi atafanya zoezi la kupimwa akirudi. Mwalimu atie sahihi kando yake. Ukiukubali upungufu mdogo mapema, huondoka mezani siku hiyo hiyo. Upungufu huo ukigunduliwa baadaye, yuniti nzima hukataliwa.

Sahihi zinazotakiwa ni za mwalimu wa kila yuniti, mwenyekiti wa idara, mkuu wa kitivo na msajili wa masomo, zikiwa na muhuri na tarehe. Sahihi ya mwenyekiti peke yake haitoshi, kwa sababu wenyeviti hubadilishwa, na anayekuja hafungwi na maneno ya mdomo ya aliyetoka. Weka pia kozi mbili au tatu za akiba, nazo zitiwe sahihi, kwani wiki za mwanzo wa muhula kozi hufutwa au hujaa. Ukilazimika kubadilisha, mwandikie mwenyekiti barua pepe wiki hiyo hiyo ukiambatisha muhtasari wa kozi mpya, na usipumzike mpaka upate jibu la maandishi.

Wanafunzi wa kozi za taaluma wana mtego wao. Sheria ya elimu ya sheria nchini inataja masomo ya msingi 16 ambayo kila anayetaka kuingia chuo cha mawakili lazima awe ameyasoma. Sheria ya mikataba ya Ujerumani haiwezi kukaa mahali pa sheria ya mikataba ya Kenya, hata ukipata alama ya juu kabisa. Mwanafunzi wa sheria aondoke katika muhula wa masomo ya hiari, achague sheria ya bahari, haki za binadamu au biashara ya kimataifa. Mwanafunzi wa uuguzi ana saa za wodini zinazorekodiwa kwa ajili ya baraza lake, na kozi za uhandisi vivyo hivyo zina masharti ya bodi. Hao waulize baraza au bodi kwanza, idara baadaye. Kwa wengine njia ni pana: kanuni za Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu zinaruhusu kuhamisha hadi asilimia 49 ya kozi za msingi, na muhula mmoja kati ya minane ni kama robo tu ya kiwango hicho.

Alama nazo zikubaliwe mapema. Ujerumani 1.0 ndiyo alama ya juu, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kupita, na 5.0 ni kufeli. Kuna hesabu inayotumika sana huko kugeuza alama za nje: unatoa alama yako kwenye alama ya juu kabisa, unagawanya kwa tofauti ya alama ya juu na ya kupita, unazidisha kwa tatu, unaongeza moja. Mtu mwenye wastani wa 65, ambaye kwetu yuko daraja la pili la juu, hupata 35 gawanya kwa 60, mara tatu, jumlisha moja, yaani 2.75. Chuo kinachotaka 2.5 au bora zaidi kitamkataa mwanafunzi ambaye idara yake inamhesabu miongoni mwa wazuri. Dawa yake ni barua ya msajili, iambatane na transkripti, ieleze kwamba hapa 70 kwenda juu ni A na kwamba wanaoifikia ni wachache. Ukirudi, hesabu hiyo hiyo kinyumenyume hugeuza 2.0 kuwa 80, na walimu wengine huona hiyo ni zawadi. Kwa hiyo jedwali la kugeuza alama liwe ukurasa wa pili wa makubaliano yako. Au omba kozi za ng'ambo ziandikwe "amepita" bila kuingizwa kwenye wastani, ambayo kwa maoni yangu ndiyo njia safi zaidi.

Sasa tuje kwenye kosa linaloumiza kuliko yote, nalo hufanywa kwa nia njema. Mwanafunzi akimwambia karani kwamba hatakuwepo muhula ujao, karani humpa fomu ya kuahirisha masomo. Usiijaze. Aliyeahirisha si mwanafunzi wa muhula huo. Kozi alizosoma wakati ameahirisha zinaweza kukataliwa kwa sababu hiyo tu, na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, hutegemea chuo kuthibitisha kwamba umesajiliwa. Viza nayo hukaguliwa kwa barua inayosema wewe bado ni mwanafunzi wa chuo chako na unatarajiwa kurudi tarehe fulani. Unachoomba ni ruhusa ya kusoma kwingine ukiwa umesajiliwa nyumbani. Uliza kwa maandishi ni karo kiasi gani utatozwa kwa muhula huo; omba usilipe zaidi ya ada ya usajili, kwa kuwa hutumii darasa wala maabara. Nakala ya jibu ipelekwe HELB.

Kalenda huamua nchi kuliko ndoto. Muhula wetu wa Septemba hadi Desemba unalingana vizuri na ule wa Marekani, unaoanza mwishoni mwa Agosti na kwisha katikati ya Desemba. Uingereza huanza mwisho wa Septemba, lakini mitihani mara nyingi ni Januari, kwa hivyo uliza kama chuo kina mtihani wa mapema kwa wageni wa muhula mmoja. Muhula wa baridi wa Ujerumani hufundishwa kuanzia katikati ya Oktoba hadi Februari, na huo unakula mihula miwili ya hapa. Anayependa Ujerumani atazame muhula wao wa Aprili hadi Julai, na aupange mahali pa mafunzo ya kazini ya Mei hadi Agosti, ambayo yanaweza kusogezwa. Mwaka unaofaa ni wa pili mwishoni au wa tatu mwanzoni. Mwaka wa mwisho una mradi na msimamizi wake, na yuniti inayofundishwa mara moja kwa mwaka ukiikosa mwaka huo, humalizi na wenzako.

Miezi 12 kabla ya kuondoka ndio wakati wa kuanza, na jambo la kwanza la nje ya chuo ni majina. Hapa kwetu Pwani hili ni kubwa. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha KCSE Mohammed, kitambulisho Muhamad. Mahali pengine pana "bin", pengine halipo. Swaleh wa cheti ni Saleh wa transkripti. Kwetu sisi ni mtu mmoja, kwa kompyuta ya ubalozi ni watu watatu. Rekebisha kabla ya kuomba pasipoti, kwa sababu kila kitu baadaye, kuanzia barua ya udahili hadi tiketi ya ndege, kitafuata pasipoti herufi kwa herufi. Tofauti ndogo ya tahajia huweza kuelezwa kwa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo. Jina lililoongezwa au kuondolewa linahitaji hati ya kubadilisha jina iliyosajiliwa. Pasipoti ya kurasa 34 ni sh7,500, huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na alama za vidole huchukuliwa katika ofisi ya uhamiaji hapa hapa Mombasa. Beba vyeti halisi pamoja na nakala za vitambulisho vya wazazi. Wengi hurudishwa kwa kukosa hizo nakala.

Viza nitazipitia haraka. Canada haidai kibali cha masomo kwa kozi ya miezi sita au pungufu, lakini Mkenya bado anahitaji viza ya mgeni. Uingereza humruhusu mgeni wa kawaida kusoma hadi miezi sita katika chuo kilichoidhinishwa. Haruhusiwi kufanya kazi hata ya saa moja, na viza hiyo haigeuzwi kuwa ya mwanafunzi akiwa huko, kwa hivyo tarehe ya mtihani wa mwisho iwe ndani ya miezi hiyo sita. Marekani inataka fomu ya I-20 kutoka chuoni, inayothibitisha udahili, ada ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi wageni) ya dola 350 na ya viza dola 185, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza lazima abebe angalau krediti 12. Akishapewa viza haruhusiwi kuingia zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye I-20, na tiketi ya bei nafuu ya wiki ya tano huwa ni hasara tupu.

Ujerumani inahitaji maelezo marefu kidogo kwa sababu ndiyo inayovutia wasio na pesa nyingi. Vyuo vingi vya serikali havitozi karo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg limekuwa likitoza yuro 1,500 kwa muhula kwa wasio wa Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2017. Viza ya Schengen ya siku 90 haitoshi muhula. Omba viza ya kitaifa, yuro 75. Uthibitisho wa fedha tangu Septemba 2024 ni yuro 992 kwa mwezi, zikiwa katika akaunti iliyofungiwa ambayo hukuachia fungu moja kila mwezi. Miezi sita ni yuro 5,952. Pesa hizo si ada, ni chakula na kodi yako mwenyewe, lakini lazima ziwepo zote kabla. Vyuo vingi hufunga maombi tarehe 15 Julai kwa muhula wa Oktoba na 15 Januari kwa ule wa Aprili. Usizifuate tarehe hizo. Viza ya kitaifa inaweza kuchukua miezi mitatu, na aliyeomba Julai mwishoni mwa muda atakuwa bado anangoja Nairobi wakati wenzake wamo darasani. Ukifika, jiandikishe kwenye ofisi ya wakazi ya mji ndani ya wiki mbili. Na bima ya safari iliyonunuliwa pamoja na tiketi kwa kawaida haikubaliwi kwenye usajili wa chuo. Uliza chuo kinataka bima ya aina gani kabla ya kulipia yoyote.

Pesa zina njia zake za kupotea. Tuseme chuo kinadai amana ya yuro 250. Ukienda benki mjini, fomu ya kutuma nje huuliza nani atabeba gharama za njiani. Ukichagua SHA, mnagawana, na benki za katikati hujikatia humo humo. Kule zinafika 228. Ofisi ya fedha ya chuo haioni mtu aliyekatwa, inaona mdaiwa wa yuro 22, na barua ya udahili haitoki. Chagua OUR, ulipe gharama zote wewe, na kwenye nafasi ya maelezo andika nambari yako ya mwombaji kabla ya jina. Hifadhi karatasi ya benki yenye nambari ya muamala, kwani bila hiyo pesa hazifuatiliki.

Taarifa ya benki ya mdhamini isomeke kama maisha ya mtu. Laki tano zilizoingia wiki moja kabla ya maombi, katika akaunti iliyokuwa na elfu tatu, humfanya ofisa aulize zimetoka kwa nani. Kama ni mchango wa ukoo, sema hivyo: orodha ya waliochanga, barua zao, na taarifa zao za benki au M-Pesa. Kama shamba limeuzwa, ambatisha mkataba wa mauzo. Jibu la kweli lenye karatasi hupita. Asiyeaminiwa ni yule aliyekopa pesa za siku tatu ili zionekane.

Balozi karibu zote ziko Nairobi, kwa hivyo weka kwenye bajeti safari mbili. Treni ya saa nne usiku kutoka Miritini hufika Syokimau alfajiri, sh1,500 daraja la kawaida, na kutoka hapo hadi Gigiri, uliko ubalozi wa Marekani, ni kuvuka jiji zima kwenye msongamano wa asubuhi. Miadi ikiwa saa mbili, lala Nairobi. Picha zipigwe kwa kipimo cha nchi husika, kwa kuwa kipimo cha Marekani ni tofauti na cha Ulaya. Anayekwenda nchi inayodai chanjo ya homa ya manjano, kama vile India au Afrika Kusini, achanjwe angalau siku 10 kabla. Kadi yake sasa ni ya maisha. Na laini ya simu iwashiwe huduma ya kutumika nje ungali hapa Mombasa. Nambari za siri za benki na za eCitizen huja kwa ujumbe mfupi, na laini isiposhika mtandao kule, pesa zako huzioni.

Asiye na uwezo wa Ulaya aangalie kusini. Dar es Salaam na Zanzibar zina vyuo vikuu, lugha ya darasani ni Kiingereza, ya mtaani ni yetu, na mpaka ni Lunga Lunga na Horohoro. Kwa kanuni za Soko la Pamoja la Afrika Mashariki kibali cha mwanafunzi kwa raia wa Jumuiya hutolewa bila ada, na mwaka 2017 viongozi wa Jumuiya walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Kitambulisho cha Kenya hakitoshi kuingia Tanzania; beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Miaka ya 1950 vijana wa Kiislamu kutoka Zanzibar, Tanganyika na Uganda walikuja kusoma Mombasa katika MIOME, taasisi ya elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Njia ile ilikuwa ya kuja, haikatazi kwenda.

Kabla ya kufungasha kurudi, tia sahihi ya idhini ili chuo cha kule kitume transkripti moja kwa moja kwa msajili wa hapa, iwe kwa mtandao au katika bahasha iliyofungwa. Transkripti iliyobebwa mkononi na mwanafunzi mara nyingi haipokewi. Matokeo hutoka wiki kadhaa baada ya mtihani, wewe ukiwa umeshaondoka, na ofisi ya wageni haitakumbuka kukutafuta. Insha zilizosahihishwa na mihtasari ya kozi usizitupe mpaka yuniti ya mwisho ionekane kwenye mfumo wa alama wa chuo chako.

Kwa wakuu wa vyuo vyetu vya Pwani nina ombi, Mhariri. Leo mwanafunzi anayetaka sahihi nne huzunguka ofisi nne kwa wiki nane, kila ofisi ikitaka barua ya namna yake, na huyo ndiye hatimaye anayekwenda kwa wakala kwa kuchoka. Chapisheni fomu moja yenye safu mbili za yuniti, jedwali la kugeuza alama upande wa nyuma, na nafasi ya kozi za akiba. Wekeni siku 30 za kutoa jibu, la ndiyo au la hapana, na jibu la hapana litaje yuniti na sababu. Mteueni ofisa mmoja wa kuipokea, na nambari ya chumba chake ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kitivo.

Mshauri wa wanafunzi,
Ganjoni, Mombasa